Kitu Kinachopumua Sebuleni

Kila siku Chapu alirudi kutoka shuleni saa tisa na nusu. Alivua viatu mlangoni, akatundika sare yake msumarini, akaosha vyombo vya mchana, kisha akakaa kwenye meza ya kulia kufanya kazi za shule. Saa kumi na moja ilipofika, alikuwa huru kucheza gemu kwa saa moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumbani, na Chapu hakuwahi kuivunja. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari tu. Wenzake wa darasa la sita walimwita Chapu kwa sababu ya wepesi wa vidole vyake kwenye padi ya kuchezea gemu.

Mashine yao ya gemu ilikuwa ya zamani. Baba yake, ambaye alikuwa makanika, aliinunua ikiwa imeshatumika, akaitia gundi mahali palipopasuka. Ilikaa kwenye rafu chini ya runinga, mgongo wake ukiwa karibu na pazia la dirisha. Chapu alipocheza, mdogo wake wa miaka minne alikaa sakafuni kumshangilia, na bibi yao, mama mzaa baba, alikaa kwenye kiti chake akifuma vitambaa. Bibi hakuelewa gemu, lakini hakukosa la kusema.

"Huyu mtu anakimbia tangu mwaka jana," alisema siku moja. "Huko anakokwenda hawana habari kwamba anakuja?"

Mambo yalibadilika siku mashine mpya ilipotangazwa. Darasani kwao kulikuwa na mvulana aliyeitwa Mtaalamu, kwa kuwa alijua kila kitu kuhusu mashine za gemu, ingawa kwao hawakuwa na hata moja. Siku hiyo aliazima simu ya mama yake, na wanafunzi sita wakabanana kwenye ngazi za nyumba ya kina Mtaalamu kutazama tangazo. Kioo kilikuwa giza tupu. Kisha mwanga mdogo ukatokea, na mashine nyeusi, nyembamba, ikainuka polepole kama kitu kinachotoka majini. Mmoja akashika kichwa kwa mikono miwili. Mwingine akasema inafanana na pasi iliyosimamishwa, na Mtaalamu akakasirika kana kwamba ametukaniwa ndugu.

"Hii picha zake ni safi hadi utaona jasho la mchezaji," alisema Mtaalamu.

"Jasho la nini, na wewe unacheza umekaa?" akajibiwa, wote wakacheka.

Chapu hakucheka. Alikuwa amesikia jambo lililosemwa mwishoni mwa tangazo, kwamba kuanzia sasa gemu mpya zitatengenezwa kwa mashine hiyo peke yake. Aliuliza kuhusu mashine za zamani. Mtaalamu akajibu bila kuinua macho kwamba hizo zimezikwa leo.

Jioni ile Chapu alipoitazama mashine yao, aliona gundi tu. Alimweleza Baba kila kitu. Baba alimsikiliza hadi mwisho huku akifuta grisi vidoleni, kisha akauliza kama ile yao imeharibika. Chapu alikiri kwamba bado ni nzima.

"Basi kinachopumua hakizikwi," alisema Baba. "Siku ikifa, na fundi akasema imekufa, nitakununulia nyingine. Hata hiyo mpya ukitaka."

Baba alidhani amelimaliza jambo hilo. Katika maneno yote aliyosema, Chapu aliondoka na mawili tu: siku ikifa.

Kesho yake alimuuliza Mtaalamu mashine za gemu hufa kwa ugonjwa gani. Mtaalamu alifurahi kuulizwa. Alisema mashine haiuawi na umri, inauawa na joto. Nyuma yake kuna matundu ya kupitishia hewa, na matundu hayo yakizibwa, feni hujitahidi mpaka ichoke. Binamu yake aliifungia yake kabatini, ikafa kimyakimya bila hata kutoa cheche.

Chini ya kiti cha Bibi kulikuwa na mfuko wa mabaki ya nyuzi za sufu, vipande vifupi visivyofaa kufumiwa kitu. Chapu alichota konzi moja. Kwa ncha ya penseli alivisukuma vipande hivyo ndani ya matundu, kimoja baada ya kingine, mpaka penseli ikagoma kuingia. Asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, aliiwasha mashine, akaiacha runinga ikiwa imezimwa, na akabandika utepe mweusi juu ya taa yake ndogo ili mtu asiione. Hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote. Alitaka tu mashine ife bila kelele, kama ile ya binamu wa Mtaalamu. Aliporudi mchana aliizima kabla ya kuvua sare.

Siku hiyo, wakati wa chakula cha jioni, Bibi alisema kwamba sebuleni kuna kitu kinapumua. Alikuwa amekisikia tangu asubuhi. Kinavuta pumzi nzitonzito kama mgonjwa wa kifua, kinanyamaza, kisha kinaanza tena. Alidhani paka ameingia, akamtafuta chini ya viti vyote bila kumwona. Mdogo wake Chapu akasema yeye anamjua, ni simba. Lakini wiki iliyopita alikuwa amemwona simba bafuni pia, kwa hiyo ushahidi wake haukuhesabiwa.

Mama aliweka kijiko chini. Alikuwa muuguzi, na alikuwa na namna yake ya kuuliza maswali pale alipoingiwa na wasiwasi, taratibu, moja moja. Alimuuliza Bibi kama amelala vizuri, kama anasikia kizunguzungu, na leo ni siku gani. Kisha akamgeukia Chapu.

"Wewe umekisikia hicho kitu?"

"Hapana, Mama. Mimi sijasikia chochote."

Ilikuwa sentensi fupi, na aliitamka vizuri. Mama na Baba wakatazamana. Mwezi uliopita Bibi alisahau birika jikoni hadi likaungua, na wakati ule nyumba nzima ilicheka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya pili Bibi alihamishia kiti chake upande wa pili wa chumba. Mchana Chapu alipoigusa mashine, aliurudisha mkono haraka. Palikuwa na harufu ya plastiki iliyoachwa juani. Alifungua dirisha, akaipepea harufu itoke, halafu akakaa kufanya hesabu zake, na zote akazikosa.

Siku ya tatu Bibi alimwita karibu. Tangu Chapu akiwa mdogo, Bibi alimtania kwa kumwita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Siku hiyo alimwita hivyo, lakini hapakuwa na utani katika sauti yake.

"Mke mwenzangu, niambie ukweli. Wewe hukisikii kabisa?"

Chapu aliangalia vidole vya miguu yake. "Sikisikii, Bibi."

"Basi ni masikio yangu," alisema Bibi. Akaishika sindano ya kufumia bila kufuma. "Au ni kichwa."

Chapu alijiambia kwamba kesho mashine itakufa, na yote hayo yatakwisha.

Siku ya nne, alipokata kona ya kuingia mtaani kwao, aliona watu wamesimama mlangoni kwao na ndoo. Jirani alikuwa amembeba mdogo wake. Bibi alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, kiganja chake cha kulia kikiwa ndani ya beseni la maji. Ndani, pazia lilikuwa limeungua nusu, na ukuta ulikuwa mweusi mpaka darini. Bibi alikuwa jikoni na mtoto aliposikia harufu ya moto. Alimtoa mtoto kwanza, akazima swichi kuu, akaling'oa pazia kwa mkono, ndipo akaita watu.

Chapu alimwangalia mdogo wake, aliyekuwa akimweleza kila mtu kwamba simba ametapika moto. Akakaa chini pale pale.

Baba alirudi mbio kutoka gereji na kumwita fundi wa vyombo vya umeme, mama mmoja mtaratibu aliyevaa miwani yenye kamba. Fundi aliiweka mashine mezani, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kisosi. Akainua mfuniko. Alichukua kibanio, akaanza kuvuta nyuzi zilizokaushwa na joto, za buluu, za njano, nyeupe, na kuziweka juu ya gazeti. Zilikuwa nyingi. Kila mmoja chumbani aliujua mfuko zilikotoka.

"Imekufa," alisema fundi. "Hii haina wa kuifufua."

Yalikuwa maneno yale yale ambayo Chapu aliyangoja wiki nzima. Sasa aliyasikia kana kwamba yanahusu mtu.

Bibi alisogea mezani akaokota uzi mmoja wa njano kwa mkono wake mzima.

"Ni zangu," alisema. "Sikumbuki kuziweka humo. Lakini kama ni zangu, ni nani mwingine?"

Fundi alisema kwa upole kwamba nyuzi hizo hazikudondoka, zimeshindiliwa kwa kitu chembamba, na kwa subira. Akaongeza kwamba anayeikumbuka swichi kuu katikati ya moshi si mtu wa kusahausahau. Lakini hakuona kuwa ni kazi yake kuendelea zaidi, akafunga mkoba wake akaenda.

Mama alilia kidogo, kisha akaamua. Shangazi, dada yake Baba, ambaye nyumba yake haikosi mtu mzima mchana kutwa, angekuja Jumamosi kumchukua Bibi akakae kwake. Jumatatu Bibi angepelekwa kwa daktari wa magonjwa ya wazee. Mama alimshika bega akamwambia kwamba hiyo si adhabu. Bibi aliitikia kila jambo, kama mtoto aliyekosea.

Kesho yake, Ijumaa, ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Jirani mmoja alikuja kumjulia hali Bibi, akawa anazungumza naye kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Mwingine aliwakataza watoto wake kuingia ndani Bibi akiwa peke yake. Bibi mwenyewe alimwomba Chapu amwandikie mambo ya kukumbuka, kwa herufi kubwa. Chapu akaandika: ZIMA JIKO. FUNGA BOMBA. Kisha Bibi akamtajia la tatu, na Chapu akaliandika kwa mkono wake mwenyewe: USIGUSE NYUZI. Bibi akavibandika vikaratasi hivyo ukutani.

Jumamosi asubuhi begi la Bibi lilikuwa mlangoni. Wote walikuwa jikoni wakinywa chai wakimngoja Shangazi. Bibi aliinuka, akaenda kuligusa jiko kama limezimwa, akarudi kukaa. Baada ya muda mfupi akainuka tena, akaligusa. Alipoinuka mara ya tatu, Chapu akashindwa kuvumilia.

"Bibi hasahau," alisema. "Ni mimi niliyezitia nyuzi."

Akaeleza yote bila kuruka kitu: tangazo, penseli, utepe mweusi, asubuhi nne alizoiacha mashine ikiwaka ili Baba ainunue ile mpya. Alieleza akiwa ameitazama meza. Baba alifungua mdomo, lakini Bibi aliinua mkono wenye bandeji kumzuia.

"Kwa hiyo kilikuwa kinapumua," alisema Bibi.

"Ndiyo, Bibi. Ilikuwa feni yake."

"Na ulijua nilichokuwa nakisikia."

"Nilijua. Kila siku."

Bibi akakaa. Chapu alingoja kugombezwa, lakini Bibi alimgeukia Mama, macho yake yamejaa machozi.

"Nilisikia kweli," alimwambia. "Unaona? Nilisikia kweli."

Mama aliinuka, akaenda kuvibandua vikaratasi vyote vitatu ukutani, akavikunja mkononi, kisha akapiga magoti mbele ya Bibi na kumwomba radhi.

Shangazi alipofika alielezwa habari yote, akanywa chai, akamtania Bibi kwamba amemkimbiza bure, akarudi kwake peke yake. Baba alimwambia Chapu kwamba ahadi yake ilikuwa juu ya mashine itakayokufa, si itakayouawa, kwa hiyo hapatakuwa na nyingine. Lakini hilo, alisema, ndilo dogo. Kulikuwa na nyumba tano zilizoleta ndoo siku ya moto, na katika nyumba zote tano watu walikuwa wakisema Bibi amechanganyikiwa. Chapu angekwenda kubisha kila mlango na kusema ukweli kwa mdomo wake.

Walikwenda watatu, Chapu mbele, Baba na Bibi wakisimama nyuma yake. Katika nyumba ya kwanza sauti haikutoka, na Baba hakumsaidia. Alingoja tu. Ikabidi Chapu aanze upya. Jirani aliyekuwa akizungumza na Bibi kwa sauti kubwa aliona haya, akajishughulisha na kanga iliyokuwa kwenye kamba. Katika nyumba ya tano Chapu aliweza kusema akiwa amemtazama mtu usoni.

Wakati wa kurudi, Bibi alimwita atembee kando yake.

"Mkono wangu utapona," alisema. "Pazia tutashona jingine. Lakini siku zile nilianza kujiogopa mwenyewe, mjukuu wangu. Nilikuwa namtazama ndugu yako nikijiuliza kama nitamdhuru bila kujua. Hilo ndilo linalofanywa na uongo. Wewe ulitaka kuficha jambo dogo tu, kumbe unamnyang'anya mtu akili yake akiwa nayo."

Chapu akapunguza hatua zake ili zilingane na za Bibi.

"Ukitaka kitu, kiombe," aliendelea Bibi. "Ukinyimwa, nuna. Nuna hata wiki nzima, sitakukasirikia. Lakini usimwambie mtu kwamba hasikii anachokisikia."

"Sitarudia, Bibi," alisema Chapu.

Bibi aliichunguza sura yake kwa makini, kama mtu anayepima kabla ya kukata. Kisha akaweka mkono wake mzima begani kwa Chapu, wakatembea hivyo hadi nyumbani.