Breki Zilizotoka Nyololo

Kwanza ulikuwa mlio tu. Kila Isakwisa alipokanyaga breki, lori lake lilitoa sauti nyembamba ya chuma kukwaruza chuma, ikampanda mpaka kwenye meno. Alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu, alipotaka kusimama pale Mwanjelwa, lori lilimpita mwuza ndizi, likaupita mti aliokusudia kuegesha chini yake, likaja kutulia kwenye ukuta wa fundi Jailos, kama mgonjwa aliyejipeleka mwenyewe kwa daktari.

Jailos alifungua gurudumu moja, akatikisa kichwa. Viatu vya breki, vile vipande viwili vinavyobana gurudumu kwa ndani, vilikuwa vimelika mpaka kwenye misumari. Vipya vingeagizwa Dar es Salaam, alisema, na vingefika mwisho wa mwezi kama Mungu angependa. Au angekata mkanda chakavu wa mashine ya kusaga unga akaugongea humo, lakini huo ungeungua kwenye mteremko wa kwanza. Njia ya tatu aliitaja shingo upande. Lori la aina ileile lilikuwa limelala mtaroni Nyololo tangu mwaka uliopita, na breki zake zilikuwa nzima.

"Hakuna aliyegusa hata nati yake," alisema Jailos. "Jiulize kwa nini, kaka."

Isakwisa hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Miaka saba alichimba dhahabu ya watu huko Joni, Afrika Kusini, ndipo akalipata lori hilo kuukuu la jeshi, na mwaka huo wa 1956 wakulima wa pareto wa Uporoto walikuwa wamempa kazi ya kupeleka maua yao makavu Iringa kila Alhamisi. Walimwambia bila kuficha kwamba akichelewa mara tatu, kazi inakwenda kwa mwingine. Bila kazi hiyo lori lingegeuka banda la kuku, na yeye angerudi kulima viazi vya baba yake huku majirani wakimcheka. Tena alikuwa mzee wa kanisa. Habari za mizimu aliziweka fungu moja na porojo za kilabuni.

Wakapanda basi yeye na Jailos, wakafika Nyololo na spana zao. Shamba lililopakana na mtaro lilikuwa la Mhehe mmoja aitwaye Kalinga, mtu mpole, ambaye hakuwakataza. Aliwasimulia tu. Mwanamke aitwaye Rozalia alikuwa amepanda juu ya magunia akitoka kujifungua kwa mama yake, kichanga mgongoni. Alipofika kwenye njia ya kwao aligonga paa la lori ashuke. Dereva alikuwa na haraka, hakusimama. Akagonga tena na tena mpaka kwenye kona, na kwenye kona lori likapinduka, wakafa wote. Ndiyo maana breki zile zilikuwa nene kama mpya, Kalinga alisema, dereva wake hakuwa mtu wa kusimama. Kama wanazitaka wachukue, lakini kwanza wamwite marehemu ashuke, maana yeye bado yumo safarini.

"Mzee, mimi nimekuja kuchukua vyuma," Isakwisa alimjibu, akaingia uvunguni. Alikuwa amechoka, amekasirika, na mvua ilikuwa inakuja.

Alhamisi ya kwanza breki za Nyololo zilishika vizuri mno. Isakwisa aliimba nyimbo za kanisani kutoka Uyole mpaka Makambako. Saa nane mchana, jua likiwaka, alikuwa anakaribia Nyololo aliposikia paa juu ya kichwa chake likigongwa mara tatu, kama wanavyogonga abiria wa juu ya mizigo wanapotaka kushuka. Hakuwa na abiria. Mguu wake ulikuwa kwenye mafuta, lakini magurudumu yalikaza yenyewe, na lori likasimama katikati ya barabara. Ilimpanda harufu ya breki zilizoungua, na ndani yake harufu nyingine, ya mafuta ya nyonyo wanayopakwa watoto wachanga. Alishuka, akapiga magurudumu mateke, akamtukana fundi, akamtukana Kalinga, akaomba msamaha kwa Mungu, akatukana tena. Lori lilikataa kusogea mpaka jua lilipopoa. Alipofika Iringa alikuta ghala la pareto limefungwa.

Alhamisi ya pili ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi. Kuanzia Makambako paa liligongwa kwenye kila kijia kinachoingia barabarani, na kila lilipogongwa lori lilisimama, na kila liliposimama springi za nyuma ziliinuka kwa mlio kama za gari lililoshukwa na mtu, kisha, baada ya muda wa mtu kutazama huku na huku na kuona kwamba hapa si kwao, zikabonyea tena, na lori likaachia, na Isakwisa, jasho likimtiririka kwenye baridi ile, akaendesha huku shingo imekakamaa, akiogopa kutazama dirisha dogo lililo nyuma ya kisogo chake, kwa sababu nje ya dirisha lile, karibu kabisa na kioo, kichanga kilikuwa kimeanza kulia. Mara kumi na moja lori lilisimama. Alifika Iringa baada ya magharibi, na wakulima wakaandika kosa la pili.

Jailos alipofungua magurudumu alimwita aje aone. Breki zilezile nene zilikuwa zimeungua zikaisha. Misumari ilikuwa nje.

"Hizi haziwezi kumsimamisha hata mbuzi," alisema kwa sauti ya chini. "Kaka, sijui kinachokusimamisha ni nini, lakini si breki. Liache hapa. Vipya vinafika wiki ijayo."

Wiki ijayo Alhamisi ya tatu ingekuwa imeshapita. Isakwisa alimwambia afunge magurudumu. Kilichomwudhi ni kusimama, si kukosa kusimama, na alitaka aliyemsimamisha aondoke ili afike Iringa kwa wakati basi. Jailos alifunga nati za mwisho, akampa kisogo.

Mkewe Sekela ndiye aliyefanya ya maana. Aliuliza kwa wasafiri mpaka akapata habari kwamba mama yake Rozalia, Bibi Verediana, anaishi Makambako, na Alhamisi alfajiri akajifunga kanga na kupanda lori. Alisema hawezi kumwachia Isakwisa mzee wa watu, atamgombeza. Binti yao Lea alibaki kwa jirani.

Makambako wakampakia Bibi Verediana, mdogo wa mwili, rozari shingoni, kiganja cha unga wa ulezi kimefungwa kwenye pindo la nguo. Kichwa cha lori kilikuwa na viti viwili tu, kwa hiyo Sekela alimpisha, akapanda juu ya magunia ya pareto. Njia nzima bibi alihesabu punje za rozari yake. Isakwisa alitazama jua lilivyokuwa linakwenda, akauma midomo.

Karibu na Nyololo paa liligongwa. Isakwisa alitoa kichwa nje akamwuliza Sekela kama ni yeye. Sekela, uso umesawajika kwa hofu, alionyesha mikono yake yote miwili. Lori likakaza, likasimama. Harufu ya nyonyo ikajaa humo ndani mpaka macho yakawawasha.

Bibi akateremka, akamwaga unga wake mahali kijia kinapoanzia.

"Rozalia, mwanangu, ni mimi. Gari limesimama. Shuka na mtoto twende nyumbani." Kisha akamgeukia Isakwisa. "Na wewe mwambie. Dereva ndiye anayeshusha."

Isakwisa aligeukia nyuma ya lori. "Shuka, dada," alisema. "Tumefika."

Springi ziliinuka polepole, na safari hii hazikubonyea. Kichanga kililia mara moja, kikatulizwa. Nyasi za kijiani zililala, upana wa mtu mmoja, na Bibi Verediana akazifuata, mkono ameunyoosha pembeni kama mtu aliyeshikana na mwenzake. Hakugeuka nyuma. Isakwisa alihisi machozi yanamlenga, akacheka kwa aibu. Lori lilikuwa jepesi. Harufu imekwisha. Akatazama jua: akikaza mwendo, ghala angelikuta wazi.

Akatia gia, akaondoka.

Hakwenda mbali kabla paa halijagongwa. Moyo ulimruka, kisha akaisikia sauti ya mkewe ikishindana na upepo. Kiti kimebaki kitupu, Sekela alikuwa anasema, na huku juu baridi inamkata, asimame ashuke.

"Vumilia, Mama Lea. Nitasimama chini ya mteremko."

Akagonga tena. Isakwisa alisonya. Wiki tatu nzima amesimamishwa, na leo njia imefunguka, na mkewe naye anataka kumsimamisha. Alipandisha kioo cha dirisha, akakanyaga mafuta, na lori likainamisha pua kwenye mteremko.

Lilianza kukimbia kuliko alivyopenda. Akahamisha mguu kwenye breki. Pedali ilikwenda mpaka chini bila kukutana na kitu, wala mlio haukuwapo, na hapo ndipo maneno ya Jailos yalipomrudia yote, neno kwa neno: kinachokusimamisha si breki. Alivuta breki ya mkono, ikatoa moshi, ikalegea. Alijaribu kurudisha gia, ikakataa kwa kelele. Magunia ishirini na manne yalikuwa yanasukuma kutoka nyuma, na mbele yake, chini kabisa, barabara ilikata kona.

Juu ya paa Sekela alikuwa anagonga kwa mikono miwili, akimwita kwa jina, akimwambia asimame. Isakwisa alikanyaga, akakanyaga tena.