Nusu ya Kidonge cha Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Karani alikuwa na kazi moja ambayo hakuruhusiwa kuisahau. Alishusha boksi la dawa kutoka juu ya kabati, akatoa kidonge kimoja cheupe, akamimina maji kwenye kikombe na kumpelekea Bibi kitandani. Bibi akishameza, Karani alitia alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani. Ni Bibi mwenyewe aliyempa jina la Karani kwa sababu ya alama hizo, na jina likashika mpaka shuleni.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa presha, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha mikate na aliondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Mjomba naye, asubuhi hata jina lake halikumbuki mpaka anywe chai. Kwa hiyo kazi ya dawa ilimwangukia Karani, msichana wa miaka kumi na mmoja, naye aliifanya vizuri kuliko watu wazima wengi.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka la Mjomba, kwani Mjomba alikuwa kinyozi. Kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu na redio ambayo haikuzimwa tangu mlango ufunguliwe hadi ufungwe. Barazani, kwenye meza ndogo, alikaa Fundi Saa, rafiki yake Mjomba tangu utotoni. Kati ya duka na chumba cha Bibi palikuwa na pazia tu, na pazia lile halikuwahi kuzuia neno hata moja.

Miezi hiyo maneno yalikuwa ya aina moja. Nchi yao ilikuwa ndani ya Umoja wa nchi saba jirani, zilizokubaliana kuuziana bidhaa bila ushuru na kuacha raia wao wapite mipakani bila taabu. Sasa ilikuwa imetangazwa kura ya maoni, wananchi waamue kama nchi ibaki katika Umoja au ijitoe. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Redioni, sokoni, kwenye foleni ya maji, watu hawakuwa na habari nyingine. Mjomba alikuwa mtu wa kubaki na Fundi Saa alikuwa mtu wa kutoka, basi dukani hapakukalika.

Alasiri moja Karani alikuwa amekaa karibu na kitanda, akifanya hesabu za shule huku Bibi amesinzia. Upande wa pili wa pazia, mabishano yalikuwa yamepamba moto.

"Tukibaki tumekwisha!" Fundi Saa alipaza sauti. "Hao wa nchi nyingine watachukua kazi zote, na watoto wetu watalala njaa. Nakwambia watalala njaa!"

"Na tukitoka je?" Mjomba alimjibu. "Dawa tunazotumia zinatoka wapi? Siku tukitoka, malori yote yatakwama mpakani. Hospitali hazitakuwa na kidonge hata kimoja. Wenye presha na wenye kisukari waanze kuagana na ndugu zao mapema!"

"Jamani," mteja aliyekuwa kitini alilalamika, povu likimkauka usoni, "nchi itoke au ibaki, mimi nina shavu moja tu lililonyolewa. Nimalizieni la pili niende zangu."

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Aliinuka polepole, akashusha boksi la dawa na kusoma maandishi madogo ya ubavuni. Dawa ilikuwa imetengenezwa katika nchi jirani, moja ya zile saba. Kumbe Mjomba alikuwa anasema kweli.

Jioni ile alimsubiri Mama. Mama aliingia na unga kwenye nywele, akaketi na kuvua viatu huku amefumba macho.

"Mama, tukitoka kwenye Umoja, wagonjwa watakufa?"

"Nani kakwambia hayo?" Mama aliuliza bila kufumbua macho. "Hayo ni mambo ya wakubwa, mwanangu. Maliza kazi ya shule ukalale."

Karani alikwenda kulala. Lakini kulala si kutulia. Siku iliyofuata redio ilisema kwamba wanaotaka kutoka walikuwa wengi kuliko wanaotaka kubaki, na baada ya siku mbili ikasema wameongezeka tena. Kila habari ilipoanza, aliacha alichokuwa akifanya na kusogea karibu na pazia. Darasani aliangalia ubao bila kuona kilichoandikwa. Usiku alisikiliza pumzi za Bibi gizani, na ikichelewa kidogo kuja ya pili, naye alibana ya kwake.

Ndipo akapata wazo, na alipolipata aliona ni wazo la kuokoa maisha. Ikiwa dawa itakwisha nchini, Bibi yake hatakosa. Alichukua wembe mpya kwenye droo ya Mjomba, akakata kidonge katikati juu ya sahani. Nusu moja akampa Bibi. Nusu ya pili akaifunga kwenye karatasi na kuificha ndani ya kopo tupu la poda.

"Mbona leo kidonge chepesi hivi?" Bibi aliuliza, akikiviringisha ulimini.

"Siku hizi wanatengeneza vidogo, Bibi," alijibu Karani.

Lilikuwa ndilo neno la uongo la kwanza alilowahi kumwambia Bibi yake, na lilitoka kwa urahisi uliomtisha mwenyewe. Kisha akaenda kwenye kalenda na kutia alama ya vema, kama kawaida.

Alifanya hivyo siku kumi na moja. Siku ya nne Bibi alisema kichwa kinamgonga kisogoni. Siku ya saba alikataa chakula cha mchana, akasema chumba kinazunguka. Karani aliona yote hayo, na kila mara alijiambia kwamba kesho atampa kidonge kizima. Kesho ilipofika, redio ilizungumza, hofu ikarudi palepale, na wembe ukafanya kazi yake. Aliogopa kuacha na aliogopa kuendelea. Hakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi. Mchana Bibi aliinuka kutoka kitini ili akaoge, akapiga hatua mbili, akashika pazia. Pazia lilichomoka, Bibi akaanguka nalo mpaka dukani, mbele ya miguu ya mteja.

"Mama!" Mjomba alipiga ukelele na kutupa mkasi.

Bibi alikuwa na fahamu, lakini alikuwa anapumua kwa shida na hakuweza kusema alipoumia. Fundi Saa aliruka kutoka barazani, saa na springi zikamwagika chini, akakimbia kutafuta gari. Alipata pikapu ya jirani. Wakamlaza Bibi nyuma juu ya godoro, Mjomba akakipakata kichwa chake, Fundi Saa akashika viatu vyake. Karani alipanda bila kuambiwa. Njia nzima alitazama mdomo wa Bibi, akihesabu pumzi.

Kituo cha afya hakikuwa mbali, ingawa siku hiyo kilionekana kama kiko mwisho wa dunia. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alimfunga Bibi mkanda wa mashine ya presha mkononi. Aliitazama namba, akapima tena mkono wa pili. Uso wake ulibadilika.

"Presha imepanda sana," alisema. "Anatumia dawa?"

"Anatumia," alijibu Mjomba haraka. "Hajakosa hata siku moja, daktari. Mtoto huyu ndiye anayempa, na kila siku anaandika. Kalenda yote imejaa alama. Kwa hilo naapa."

"Anakunywa kidonge kizima kila asubuhi?"

"Kizima."

Daktari alitikisa kichwa taratibu na kumgeukia muuguzi. "Basi dawa hii haimsaidii tena. Kama presha inafika hapa huku anaimeza kila siku, hatuna budi kumpa iliyo kali zaidi na kumwongezea kipimo. Lete faili lake."

Karani alikuwa amesimama mlangoni. Alielewa mara moja. Daktari alikuwa anaamini kalenda. Angempa Bibi dawa kali kwa sababu ya alama ambazo yeye Karani alijua ni za uongo. Akisema, Mjomba atajua, Mama atajua, na kila mtu atajua kwamba Bibi aliangushwa na mjukuu wake. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Muuguzi alirudi na faili, daktari akachukua kalamu.

"Si kweli," alisema Karani.

Sauti ilikuwa ndogo mno. Hakuna aliyegeuka.

"Si kweli!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Hakumeza kizima! Mimi nilimpa nusu. Siku kumi na moja nimempa nusu, nikaandika kwamba amemeza kizima. Usimpe dawa kali, daktari, tafadhali!"

Mjomba alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wewe? Kwa nini umfanyie hivyo bibi yako?"

"Kwa sababu ulisema dawa zitakwama mpakani! Ulisema wenye presha waanze kuagana na ndugu zao. Nilikuwa namwekea akiba, asife tukitoka."

Fundi Saa alitazama viatu vya Bibi mikononi mwake.

Daktari aliweka kalamu chini. Hakugomba. Alimwambia muuguzi waachane na ile dawa kali. Bibi angepewa dawa yake ileile kwa kipimo chake, na angelazwa presha ishushwe polepole, akipimwa kila baada ya muda mfupi. Kisha akamwita Karani, akamkalisha kwenye benchi na kukaa naye.

"Nikuulize, binti. Dawa zilikuwa zimekwisha?"

"Hapana."

"Kuna mtu aliyekwambia umpunguzie?"

"Hapana."

"Ulimuuliza mtu anayejua?"

Karani alitikisa kichwa. "Nilimuuliza Mama kidogo tu. Baadaye niliogopa."

"Sasa nisikilize. Kidonge cha presha hufanya kazi ya siku ile kinapomezwa. Ukikata nusu, mgonjwa anabaki na nusu ya kinga, na mwili wake hauwezi kusubiri mpaka kura ipigwe. Kipimo cha dawa hubadilishwa na daktari peke yake. Hilo moja. La pili ni kubwa zaidi. Leo ningefanya kosa la hatari nikiwa na nia njema, kwa sababu nilipewa habari ya uongo. Umekosea, lakini umesema kweli wakati bado inasaidia. Watu wazima wangapi wangeweza kufanya hivyo?"

Karani alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Daktari, tukitoka, dawa zitakwisha kweli?"

Daktari alivua miwani. "Sijui," alisema. "Huenda zikachelewa, huenda zisichelewe. Ninachojua ni kwamba stoo yetu ina dawa za miezi kadhaa, na zikianza kupungua ni kazi yangu kupiga kelele, si yako kushika wembe."

Mjomba alisogea na kuchuchumaa mbele ya benchi, kofia mkononi. "Na mimi sijui, mpwa wangu. Nilisema vile ili nimshinde huyu. Niliona wateja wanamsikiliza yeye, nikatafuta maneno ya kutisha zaidi. Sikuwa na ushahidi wowote. Unisamehe."

"Mimi pia," alisema Fundi Saa kwa aibu. "Yale ya watoto kulala njaa... niliyasikia tu mahali."

"Bishaneni," daktari aliwaambia. "Nchi ni yenu, na jambo hili linafaa kubishaniwa. Ila semeni mnachokijua, na msichokijua mkiri hamkijui. Nyuma ya pazia kuna mtoto anayewaamini."

Mama alifika akihema, aproni ya kiwandani bado kiunoni. Alisikiliza habari yote amesimama. Karani alingoja kofi au matusi, lakini Mama alimvuta kifuani na kumshikilia muda mrefu. "Uliniuliza, nami nikakufukuza ukalale," alisema.

Bibi alilazwa siku tatu. Siku ya kwanza Karani hakuthubutu kuingia wodini, alichungulia mlangoni na kurudi nyuma. Siku ya pili Bibi mwenyewe alimwita. Presha ilikuwa imeshuka, na sauti yake ilikuwa imerudi na ukali wake wote.

"Njoo hapa. Nimeambiwa ulitaka kuniwekea akiba." Bibi alimshika mkono kwa nguvu. "Sasa nikifa leo, hizo nusu utampa nani kesho?"

Karani alianza kulia. Bibi alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Sikulaumu kwa kuogopa," Bibi alisema. "Hata mimi naogopa, tena mara nyingi. Kosa lako ni kuogopa peke yako, halafu ukaificha hofu kwa uongo. Ukiogopa jambo, mwambie mtu mzima. Asiposikia, mwambie tena. Asiposikia tena, njoo kwangu, macho yangu ni mabovu lakini masikio ni mazima. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

Redio ya wodini ilianza kusoma habari. Mtangazaji alisema zimebaki siku kumi na tatu, na kwamba bado haijulikani upande upi utashinda. Hofu ileile ikamrudia Karani. Alitazama redio, akamtazama Bibi.

"Bibi, naogopa," alisema.

"Haya," alisema Bibi, akajisogeza kitandani kumpa nafasi ya kukaa. "Unaogopa nini? Anza mwanzo."