Mita Ilisema Themanini

Mzee Difu alikutwa amelala kifudifudi ndani ya stoo yake, katikati ya madifu ya kila aina, yale makasha ya gia yanayozungusha tairi za gari, kisogo kimepasuka. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha ekseli chenye damu. Alikuwa muuza vipuri mbishi, mkono wa birika, na hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Inspekta, mama wa makamo, alichuchumaa akalitazama jeraha. Kisha akautazama mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni. Komeo lilikuwa wazi.

"Alama za vidole?"

"Zimejaa, afande," alijibu Koplo. "Za marehemu, za fundi wake, za mpwa wake. Wote wanafanya kazi humu, wote wana mikono ya grisi."

"Nani alimkuta?"

"Fundi. Na damu anayo mpaka viwikoni."

Fundi mwenyewe walimwita Kipara, ingawa kichwa kilikuwa kimejaa nywele tele. Alikuwa amekaa juu ya tairi uani.

"Damu hiyo umeipata wapi?"

"Nilijaribu kumwinua, afande. Nilidhani yu hai."

Mlinzi wa geti, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, hakungoja kuulizwa. "Mimi sitaki kumponza mtu," alisema, "lakini jana jioni waligombana hawa, Kipara na mzee. Nilimsikia Kipara kwa masikio yangu haya. Alisema, 'Utajuta, mzee! Nakwambia utajuta!'"

Inspekta alimgeukia Kipara. "Ulisema?"

"Nilisema, lakini ilikuwa habari ya difu..."

"Mtu amelala pale na kichwa kimepasuka, wewe unaniletea habari ya difu? Mfunge pingu, Koplo!"

Hapo mama huyu alikosea, na mimi sitamtetea. Alikuwa hodari wa kazi, lakini mdomo wake ulikuwa na haraka kuliko masikio.

Mpwa wa marehemu alirudi na pikapu wakati maiti inatolewa. Aliruka kutoka kwenye gari akaanguka juu ya machela, akamlilia mjomba wake mpaka askari wawili wakashindwa kumbandua. Mjomba huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza alipotulia.

"Mlimani, afande. Mjomba anajenga nyumba kule. Kila asubuhi napeleka mapipa ya maji, namwagilia zege lisipasuke."

"Nani alikuona?"

"Kule hakuna mtu. Ni mimi na zege."

Mlinzi alidakia tena. "Hapa gari halitoki mpaka mimi niirudishe mita ndogo ya safari kwenye sifuri, na likirudi naisoma. Ni amri ya mzee, alichoka na safari za mafichoni. Mlimani kwenda na kurudi ni kilomita themanini, alipima mwenyewe. Na kijana amerudi na themanini. Njoo uone!"

Inspekta alichungulia dashibodi. Kweli, themanini kamili.

Basi Kipara akawekwa mahabusu. Mkewe alifika kituoni na tumbo la miezi minane, akakaa kwenye benchi la kaunta, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

"Afande, mume wangu hata kuku hachinji. Mimi ndiye ninayechinja, yeye anageuka ukutani. Leo amuue mtu?"

"Mama, nenda nyumbani ukapumzike."

"Kesho mnampeleka mahakamani kwa mauaji, halafu mimi nipumzike? Nipumzike vipi?"

Inspekta aliingia ofisini, akatoka, akaingia tena. Hatimaye akamwita Koplo, afadhali wakaitazame hiyo nyumba ya mlimani ili jalada likamilike. Gari la polisi lilikuwa gereji, kama kawaida yake. Wakaenda kuchukua pikapu ya marehemu uani kwake, na mlinzi, amri ni amri, akairudisha mita kwenye sifuri.

Walipanda. Pikapu ilikwea mlima ule bila kuhema. Juu walikuta kuta, zege, na jua kali. Kama maji yalimwagwa hapo au hayakumwagwa, jua lilikuwa limeshafuta kila kitu. Wakageuza.

Getini mlinzi aliinama dirishani, akafuta miwani, akainama tena.

"Mia moja! Afande, umepitia wapi?"

"Sijapita popote."

"Mita haidanganyi, mama."

"Koplo, tulisimama mahali?"

"Hata dukani, afande. Nilikuomba soda ukanikatalia."

Inspekta aliigonga mita kwa kidole. Barabara ni ileile, gari ni lilelile. Asubuhi themanini, sasa mia. Aliwasha gari akaenda kituoni moja kwa moja, akafungua mlango wa mahabusu mwenyewe.

"Kipara, ile habari ya difu. Nieleze, na safari hii sitakukata."

"Jana jioni mzee aliniambia nibadilishe gia za difu kwenye pikapu. Mlima ulikuwa unaishinda. Iliyokuwemo ilikuwa kumi kwa thelathini na tisa."

"Nini kumi?"

"Meno, afande. Gia ndogo ina kumi, gia kubwa ina thelathini na tisa. Shafti inayotoka kwenye injini inazunguka karibu mara nne ili tairi lizunguke mara moja. Nikamshauri aweke ya katikati. Akakataa katakata, akataka kali kuliko zote, nane kwa thelathini na tisa, nikaifunga hiyo. Hapo shafti inazunguka karibu mara tano. Mlima utapanda, lakini kwenye tambarare injini inapiga kelele na mafuta yanakwisha. Ndiyo nikamwambia atajuta. Mafuta, afande! Nilikuwa naongelea mafuta!"

"Na mita?"

"Mita inasoma mizunguko ya shafti. Shafti ikizunguka zaidi, mita inaongeza robo nzima. Kuna kagia kadogo ka kuirekebisha mita. Ndiko nilikuja kukafunga asubuhi, nikamkuta mzee..."

"Sitaki kusimuliwa. Nataka kuona."

Nyuma ya kituo pikapu iliinuliwa magurudumu yote mawili ya nyuma, gia ikaachwa huru. Fundi wa polisi alichora chaki kwenye tairi na kwenye shafti, akalala chini kuhesabu. Koplo alizungusha tairi la kwake.

"Afande, hilo la upande wako linazunguka kinyumenyume!"

"Difu ndivyo ilivyo," fundi alisema kutoka chini. "Zungusheni pamoja, kwa mwendo mmoja."

Waliyazungusha pamoja, mzunguko mmoja. Fundi alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, na wa tano ukabakiza kidogo tu. Wakarudia. Ikawa vilevile.

Inspekta alijifuta vumbi magotini. Mita ya asubuhi ilisema themanini, lakini kwa difu hii themanini ni kilomita sitini na nne tu za kweli. Mlimani huendi ukarudi kwa sitini na nne.

Mpwa aliletwa, macho mekundu ya kulia.

"Maji uliyamwaga wapi?"

"Mlimani, afande, nilishasema."

"Gari lilipanda vizuri?"

"Kama kawaida. Linahema, gia namba moja mpaka juu."

"Gari hilo lilibadilishwa difu jana jioni. Leo nimelipandisha mimi, halihemi. Na mita yake inaongeza. Kama ungefika mlimani ungerudi na mia moja."

Kijana aligeuka kuitazama pikapu.

"Ulilizungusha gari mpaka ukaona themanini, ukajua umemaliza. Sivyo?"

"Nilisikia injini inalia barabarani," alisema taratibu. "Nikadhani ni woga wangu tu."

Baada ya hapo alisema yote. Komeo alilifungua kabla ya kutoka. Maji aliyamwaga porini, akarudi, akaliacha gari nyuma ya uchochoro. Mjomba alikuwa amempa mgongo, anachagua vipuri.

"Kwa nini?"

"Ile nyumba aliniahidi mimi tangu nikiwa mdogo. Miezi yote hii nimeimwagilia nikijua ni yangu, nitaoa niingie. Juzi nikamsikia anamwambia dalali amtafutie mnunuzi."

"Ulimuuliza?"

"Mjomba haulizwi, afande. Hajawahi kunisikiliza hata siku moja. Nimelalamika gari halipandi mpaka nimechoka, ananiambia kanyaga mafuta."

Walipomtoa, Kipara alikuwa kaunta anarudishiwa mkanda na viatu, mkewe amemshika mkono hataki kumwachia. Mpwa alisimama mbele yake.

"Kipara, mjomba alibadilisha difu kwa nini? Mkono wa birika yule!"

Kipara alikuwa na haki ya kumtemea mate, lakini macho yalimjaa machozi.

"Kwa ajili yako. Mimi nabishana habari ya mafuta, yeye ananipigia kelele, 'Kijana wangu anateseka na ule mlima! Weka kali kuliko zote, na usimwambie. Nataka aikute mwenyewe akipanda.'"

Mpwa aliketi chini, palepale kwenye sakafu ya kaunta, pingu mikononi. Koplo alitaka kumwinua, Inspekta akamzuia.

"Mjomba," kijana alisema, "si ungeniambia tu."