Hisa za Jioni ya Diwali

Kofi la mama mkwe lilinikuta simu ya baba mkwe ikiwa tayari inazama kwenye sufuria la maziwa ya sikukuu!

"Mchawi wewe! Unamfukuza Lakshmi, mungu wetu wa utajiri, nyumbani kwetu siku ya Diwali?"

Jamani, msinihukumu kabla hamjasikia.

Hapa Ahmedabad, jioni ya Diwali soko la hisa hufunguliwa kwa muda wa saa moja tu, saa ya baraka. Kila mtu ananunua, japo kidogo. Kuuza? Thubutu! Ni kuifukuza bahati kwa fagio.

Baba mkwe, Mzee Rasiklal, muuza vitambaa, alikuwa ameuza dhahabu ya harusi ya binti yake Dhwani. Fedha zote alitaka ziingie kwenye hisa za Meghdhar, kampuni ya programu za kompyuta anakofanya kazi mume wangu Chirayu.

Mimi kazi yangu ni kukagua hesabu za makampuni. Nilisema mpaka koo likakauka!

"Baba, faida yao inapanda kila mwaka, lakini fedha benki zinapungua. Wateja hawalipi, wao wanaandika faida. Wanaishi kwa mikopo!"

"Chirayu yumo ndani, wewe uko nje. Nani anajua zaidi?"

"Mhasibu mkuu kaacha kazi ghafla, baba! Hujiulizi?"

"Mkwe, leo usituletee mkosi."

Na mume wangu? Anacheka tu.

"Baba, Nimisha anaogopa hata kivuli chake. Weka zote."

Nilichoka, nyie! Yaani usomi wangu wote ule ni wa kukagulia bei ya nyanya?

Basi mzee aliposhika simu mbele ya taa za ibada, kidole kinaenda kwenye "nunua", nikaipokonya. Chubwi!

Ndipo nikala lile kofi.

Mzee akamgeukia mwanawe.

"Saa haijaisha! Chirayu, lete simu yako, ninunue kwa jina lako."

Chirayu akaisukumia simu mfukoni.

"Yangu... imezima, baba. Haina chaji."

Ikaita papo hapo!

"Iliyozima ndiyo inaita, kaka?" Dhwani akauliza.

"Hebu lete!" Mama mkwe akaichomoa mfukoni mwa mwanawe, akampa mzee.

Mzee akavaa miwani. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Hisa za Meghdhar... uza... zote... inasubiri mnunuzi."

Akainua macho.

"Unauza? Leo?"

"Baba, nisikilize kwanza..."

"Mnunuzi unayemsubiri ni nani, Chirayu?"



Hisa zile hazikuwa na wa kuzigusa, jamani. Chirayu alijua kampuni imeoza. Mnunuzi aliyekuwa akimsubiri ni baba yake mzazi, kwa dhahabu ya dada yake wa tumbo moja!

"Ningewarudishia baadaye," akanong'ona.

"Na mimi ningeolewa na nini, kaka?" Dhwani akalia.

Meghdhar ilianguka kabla mwaka haujaisha. Mzee aliinunua tena dhahabu, na Dhwani ameolewa nayo shingoni. Mimi nimerudi kwetu.

Ndugu zangu, kampuni ikijisifu ina faida, iulize fedha ziko wapi. Na anayekubembeleza ununue, muulize kwanza za kwake anazifanyaje.

Inaniuma hadi leo. Hesabu za Meghdhar nilizipekua zote mpaka mstari wa mwisho, na mwanaume niliyelala naye kitanda kimoja sikumkagua hata siku moja.