Uvundo wa Uani

Kila alfajiri, kabla ya shule, Kasuku alichemsha maji na shangazi yake akanyonyoa kuku wa kuuza. Jina la Kasuku alipewa na wapangaji wenzao kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Alilelewa na shangazi huyo tangu utotoni, katika nyumba ya vyumba vya kupanga yenye bafu moja na ua mmoja wa wote.

Siku hizo uani kulinuka. Haikuwa harufu ya kusema utaizoea. Ulikuwa uvundo wa kukukaba koo mpaka chai irudi ilikotoka. Nzi wa kijani walinenepa wakawa wavivu hata kuruka. Wapangaji walipita wameziba pua, wakatema mate, na kulitupia jicho dirisha la chumba cha mwisho.

Humo alikuwa amehamia fundi viatu na binti yake, watu wa kutoka nchi nyingine. Binti alikaa dawati moja na Kasuku. Mama yake alikuwa bado kwao na mtoto mchanga, akingoja kujua kama huku kunakalika ndipo apande basi. Kila jioni alipiga simu na kuuliza: watu wa huko wakoje?

Swali hilo Kasuku alikuwa amelijibu vizuri sana darasani, siku mwalimu alipotaka waeleze watu wa nchi yao na maisha yao kana kwamba wanamwambia mtu anayetaka kuhamia. Alisema wao ni mchanganyiko wa wakulima, mafundi na wachuuzi, vijana ni wengi kuliko wazee, jirani ni ndugu, na wote wanapenda usafi. Akamalizia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Darasa lilipiga makofi. Mwenzake wa dawati hakupiga, alinusa tu mkono wa sare yake, maana uvundo ulikuwa umeingia mpaka kwenye nguo.

Jioni hiyo mwenye nyumba aliwaita wapangaji uani. Alisema harufu ilianza walipokuja wageni, tena inatoka chini ya dirisha lao, kwa hiyo wahame Jumamosi. Mmoja akadakia kwamba watu wa kule hata choo hawakijui. Mwingine akasema wanakula visivyolika. Ilichukiza kuwasikia watu wazima wakisema hayo mbele ya binti wa fundi, na aliyechukiza kuliko wote alikuwa shangazi, aliyetema mate karibu na kiatu cha fundi.

"Mimi nauza chakula," alisema. "Wateja watanikimbia kwa uchafu wa watu."

Kasuku aliujua ukweli. Jaa la taka la karibu lilifungwa wiki ile ile wageni walipohamia, na jaa jipya liko ng'ambo ya barabara kuu. Tangu hapo shangazi alibeba ndoo ya utumbo na manyoya, akazunguka nyuma ya nyumba, akafunua shimo la maji machafu chini ya dirisha la fundi, akamwaga, akafunika. Kasuku alimwona na akanyamaza. Shangazi ndiye aliyemlisha, akamvisha na kumsomesha, na kumsema mbele za watu ni kukata tawi ulilokalia.

Fundi hakubisha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alimwambia tu binti yake ampigie mama, amwambie asije.

Binti alitoa simu. Kasuku hakuweza kuvumilia tena.

"Shangazi, funua shimo."

"Shimo gani?"

"Hilo unalolifunika kila alfajiri."

Mwenye nyumba aliinua mfuniko mwenyewe. Manyoya yalikuwa yameganda juu ya maji meusi, utumbo umevimba, funza wanapanda ukingoni. Yule wa maneno ya choo alitapika hapo hapo. Hakuna aliyeuliza nani hunyonyoa kuku katika nyumba ile.

Kasuku alijua atachapwa. Lakini shangazi alilitazama shimo, akayatazama mate yake karibu na kiatu cha fundi, na uso ukamshuka.

"Fundi, nisamehe," alisema. "Nimewanusisha uvundo wangu, kisha nikawatemea mate."

Kesho yake shangazi alizoa uchafu wa shimo mwenyewe. Waliowasema wageni walibeba ndoo mpaka ng'ambo ya barabara, maana mwenye nyumba aliwaambia midomo yao ameshaiona ina nguvu, sasa anataka kuiona mikono. Neno la kuhama halikusikika tena.

Jioni simu iliita. Swali lilikuwa lile lile, na binti akampa Kasuku simu ajibu. Kasuku alianza hotuba yake ya darasani, akaiacha njiani.

"Mama, wengine wetu tunanuka na tunasingizia watu," alisema. "Lakini leo tumesafisha. Njoo."

Shangazi, aliyekuwa akinawa karibu nao, alisikia yote.

"Umesema kweli, mwanangu," alisema. "Asiye na wa kumtetea ni rahisi kumtwika uchafu wetu. Siku ukiona watu wote wanamnyooshea mtu mmoja kidole, kwanza nusa mikono yako."

Akanusa yake, akachukua sabuni, akaanza kunawa upya.