Doa Lile Lile

Benchi la kliniki ya macho lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mpiga picha za macho alishamfikia mgonjwa wa arobaini na moja, miguu imemvimba, ndipo akaketi mbele yake fundi saa mwenye kisukari na shati lililonyooka kwa pasi.

"Kidevu hapa, kaka. Usipepese."

"Nikitazamwa na wewe, nitapepesa vipi?"

Mpiga picha akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kompyuta iliisoma picha ya nyuma ya jicho ikaandika: salama, arudi baada ya miezi sita. Fundi alirudi kesho yake, na chupa ya chai. Ikawa simu kila jioni, umekula mpenzi, umepumzika mpenzi, na dada wa watu anasinzia simu ikiwa sikioni.

Miezi sita ilipotimia, kompyuta ikaandika: doa, macho yote mawili, amwone daktari. Daktari huja mara moja kwa mwezi.  Jioni ile fundi akapiga simu.

"Mpenzi, tafuta mwingine. Fundi saa asiyeona ni mzigo, na wewe umeshabeba ya kutosha."

"Nani kakuambia nimekuchoka?"

"Nakusikia kila jioni, unasinzia."

Akakata. Mpiga picha alitaka kulia, hata nguvu za kulia hana.

Kesho yake asubuhi, mgonjwa wa tisa mfululizo akatoka na doa. Mpiga picha akazifungua picha zote, akazipanga. Doa lile lile, mahali pale pale, kwa watu tofauti.  Alimweleza msimamizi, akakaripiwa, akawapigia wagonjwa wote wenye doa warudi. Mmoja hakupokea, akamfuata kibandani kwake.

"Ni vumbi," alisema. "Lilikuwa kwenye lenzi ya kamera. Kitambaa cha kuifutia kiliisha, nikafutia koti."

Fundi akaitoa jichoni taratibu lenzi yake ya kukuzia saa. "Koti, mpenzi?"

"Kitambaa kiliisha."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Akafungua droo, akatoa kitambaa laini. "Chukua. Lakini hiki hakitoki bila mwenyewe. Ukikitaka, utuchukue wote wawili, tuoane."

"Tupige picha kwanza. Sikuahidi majibu mazuri."

Walirudi kliniki, akafuta lenzi ya kamera mara mbili, akapiga. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikaandika: salama.

Fundi bado kidevu kimekaa pale pale kwenye kamera. "Sasa nijibu."

"Nimechoka, kweli," alisema mpiga picha, machozi yakimtoka hatimaye. "Wewe sijakuchoka. Kitambaa nakichukua."