Koti la Studio

Mvua ya Bunia haipigi hodi. Ilimwagika mchana juu ya soko, wauza majani ya sombe wakakimbia, na Katsuva, kijana muuza vipuri vya pikipiki, akasukumwa na umati hadi ndani ya studio ya picha, maji yakimchuruzika mpaka viatuni. Mle alikuwamo Plamedie, binti mpiga picha, kikwembe cha njano kimemkaa sawasawa, na uso wa mtu asiyependa sakafu yake ichafuliwe.

"Unakuja kupiga picha ao kutuletea muto?"

"Picha," Katsuva akasema haraka. Uongo mtupu, lakini macho yalikwisha kunasa kwake.

"Na ile shati ya maji?"

"Weye utanipa nini?"

Akampa koti la studio. Kila aliyewahi kupiga picha pale analijua: jeusi, na tai nyekundu imeshonewa humo humo. Wamelivaa walimu, wachimbaji wa dhahabu wa Kilo, hata mabwana harusi wasio na suti. Linanuka watu wote hao. Plamedie alipomfunga kifungo, Katsuva akatetemeka.

"Baridi?"

"Hapana. Nasikia kama mutu mwingine iko ndani."

"Ndani iko weye na maneno yako mingi. Angalia huku."

Basi wakaanza kupigiana simu, asubuhi, mchana na jioni, mpaka tantine Dorcas, shangazi yake Katsuva aliyemlea na ambaye bado aliishi naye kule mtaa wa Bigo, akasema simu hiyo nayo sasa ipikiwe chakula.

Ndipo ikaja kazi ya kilio. Mchimbaji mmoja, Sébastien, alikuwa amefukiwa na shimo huko Kilo, na ndugu zake wakataka tisheti zenye sura yake za kuvaa siku ya maziko. Picha ilikuwa ndani ya kompyuta tayari, maana marehemu alipiga pale pale zamani. Plamedie akakaa kuchapa, simu begani.

"Uko unafanya nini, chérie?"

"Niko natengeneza tisheti za kilio. Usinichekeshe."

"Picha yangu ungali nayo?"

"Iko mbele yangu sasa hivi. Ile pua yako inajaza mashine muzima."

Umeme ukakatika, ukarudi. Kwenye kioo cha kompyuta makoti mawili meusi yakatokea tena, yamelingana, na tai mbili nyekundu. Plamedie akabonyeza moja huku akicheka. Tisheti zikatoka kifudifudi, akazikunja zikiwa na moto, akazifunga. Hakugeuza hata moja. Masikio yake yote yalikuwa kwa Katsuva.

Waliozivaa walikuwa vijana wa ukoo, na Sébastien alikuwa hajaonekana Bunia miaka mingi. Mama yake tu, Mama Honorine, ndiye aliyetazama vifua vyao akasema, "Huyu haiko mutoto yangu." Wakamshika mabega. Wakamwambia ni uchungu, mama, nyamaza.

Msafara wa maziko ukapita mbele ya duka la Katsuva. Akasimama, kama heshima inavyotaka. Kisha akaiona sura yake kwenye kifua cha kwanza. Akaiona kwenye cha pili, na nyuma yake tena na tena, na chini yake maneno: pumzika kwa amani. Wimbo ukakatika safu kwa safu, kadiri walivyomwona. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja alitoka mstarini, akamgusa mkono, akaufuta wake kwenye kikwembe, akarudi kwa wenzake.

Tangu hapo wateja wakapita upande wa pili wa barabara. Wakimsalimu, wanasalimu ukuta. Homa ikamshika, akajifungia ndani.

Plamedie alikuwa amejua siku ile ile ya maziko. Tisheti moja ilibaki kwenye meza, akaigeuza, mpenzi wake akamtazama. Akakimbilia kwa patron, mwenye studio.

"Ukifungua kinywa, studio inakufa na weye kazi hauna," patron akasema.

Akanyamaza. Mimi hapo simtetei. Mtu unampenda, unamwona anageuzwa maiti, na wewe unalinda kiti chako.

Mwishowe Katsuva akapokea simu yake.

"Katsuva, juu ya nini haujibu?"

"Usiniite jina. Mwenye kuniita ananivuta chini." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilishajua mwenye aliniloga. Tantine. Alichukua picha yangu, eti ya kuweka ku ukuta. Kesho famille, bajomba wote, inafika kutoka Butembo. Atafukuzwa mu nyumba, na batu ya avenue yetu banamungojea inje."

Plamedie akalitazama koti kwenye msumari.

"Na weye unaniogopa," Katsuva akasema. "Nasikia." Akakata.

Kesho yake Plamedie akalitoa koti kwenye msumari, akaenda Bigo. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, baadhi na mawe mkononi. Tantine Dorcas alikaa juu ya kifurushi cha nguo zake uani. Wajomba kwenye viti. Katsuva ukutani, amekonda, hamtazami mtu.

"Mumuache huyu mama," Plamedie akasema. "Ni miye."

Umati ukarudi nyuma. Kisha ukasogea, na mawe yakahamia kwake. Akaelewa walichosikia: kwamba ndiye aliyeloga.

"Haiko ulozi. Ni kazi. Nilikosea ku kazi." Akaliinua koti. "Sébastien alivaa hii. Katsuva alivaa hii. Nilikuwa nacheka ku simu, nikachukua picha ya huyu, nikaacha ya ule."

Mzee mmoja wa mlangoni akasema polepole, "Hata miye nililivaa, siku ya ndoa yangu." Jiwe likaanguka, na jingine.

"Tangu lini unajua?" Katsuva akauliza.

"Tangu siku ile."

"Ukaniacha nife."

"Niliogopa kazi. Nisamehe." Akalia wazi, hakujificha.

"Toka."

Akatoka. Tantine Dorcas akafungua kifurushi chake taratibu. "Yeye alikosea juu ya koti," akamwambia Katsuva. "Weye ulikosea juu yangu, na nilikubeba mugongoni. Nani anapashwa kutoka?"

Plamedie alipobisha kwa Mama Honorine, na picha ya kweli ya Sébastien kifuani, akasikia pikipiki ikizima nyuma yake. Ni Katsuva.

"Tantine alinisamehe," akasema. "Akasema siwezi kubaki na musamaha peke yangu."

Mama Honorine aliitazama picha muda mrefu. "Nilisema," akasema. "Hakuna mutu alinisikia." Kisha akamgeukia Katsuva, akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Weye ndiye nilikulilia. Uko na moto. Nashukuru uko na moto." Ndipo akamlilia mwanawe, na Plamedie akakaa naye chini mpaka akatulia.

Njiani Katsuva akasukuma pikipiki, wakaenda kwa miguu.

"Kazi nimepoteza," Plamedie akasema.

"Najua. Siku ya ndoa yetu usinivalishe koti ya mutu."

"Umesema ndoa?"

"Nilishazikwa. Niogope nini tena?"

Mbele yao kijana akapita na baiskeli, amevaa ile tisheti. Ni nguo nzuri, itavaliwa miaka. Sura ya Katsuva ikawatazama, ikapita. Plamedie akautafuta mkono wa mwenye sura, akaushika. Ulikuwa na moto.